Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Mwachofi

1.

KAMATI YA MAZISHI YA MAREHEMU MWACHOFI MWANDAWIRO
TANGAZO KWA WANAFAMILIA, MARAFIKI NA MAJIRANI

Ratiba ya Jumamosi inabaki kama ilivyotangazwa kanisani, isipokuwa kipengele cha "Wimbo aliouchagua marehemu". Kipengele hicho kimesimamishwa hadi maneno ya wimbo yatakapofasiriwa kwa Kiswahili mbele ya kamati na mbele ya Mchungaji. Mfasiri ni dada wa marehemu, Mwalimu Mghoi.

Wageni kutoka Nairobi wanaombwa kutovaa fulana zenye mafuvu.

Mzee Mwakai, Mwenyekiti.


2.

Mafuvu!

Mghoi alilisoma tangazo hilo likiwa limebandikwa kwenye mlango wa duka, na palepale akacheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu apigiwe simu kuwa mdogo wake amefariki. Mwenye duka akamwangalia kwa woga, kama mtu anayeona ufa kwenye ukuta.

Mzee Mwakai ni baba yao mdogo. Nyumba yake na yao zinatenganishwa na migomba tu. Angeweza kuvuka akamwambia, "Mwanangu, wimbo huo unatutia wasiwasi." Lakini mzee yule akiwa na jambo gumu la kumwambia mtu, hulipiga muhuri kwanza.

Mwachofi alikuwa fundi wa spika na amplifaya huko Nairobi. Usiku alipiga gitaa katika bendi ya metali, ule muziki wa kunguruma. Halafu figo zikamwacha. Miaka yake ya mwisho aliishi baina ya kitanda na mashine ya kusafisha damu. Milimani huku juu ya Wundanyi, watu waliujua ugonjwa wake vizuri kuliko muziki wake. Ugonjwa waliuchangia. Muziki waliuombea.


3. Sauti ya Mwachofi, kwenye simu ya dada yake

"Dada. Usinikatize, naongea polepole leo. Ule wimbo wa meli, ule mrefu. Mkinizika, upigeni. Wote. Usimwachie baba mdogo aukate katikati, unamjua alivyo. Na spika ziwe za maana, si zile za kanisa zinazokoroma. Nataka Mama ausi


4.

Hapo ndipo ujumbe unapokatika. Labda nesi aliingia. Labda simu iliisha chaji. Mghoi ameusikiliza mara nyingi hata anasikia pumzi ile ya mwisho kama neno.

Ausi.

Ausikie? Ausikilize? Ausifu? Ausikitikie?

Mwalimu wa Kiswahili, na hajui namna ya kumalizia kitenzi kimoja.


5. Yaliyosikika jikoni, kina mama wakimenya viazi

— Eti ni wimbo wa shetani.

— Si shetani. Ni wa mabaharia.

— Mabaharia gani wanaimba kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope?

— Wazungu wa zamani. Walikuwa wakija na meli, wanachoma, wanaiba, wanaondoka.

— Heh! Wa zamani tu?

(Kicheko. Kisha kimya, kwa sababu Mama Mghoi, mama wa marehemu, ameingia kuchukua maji.)


6.

Nawe unayesoma, ikiwa hujawahi kuusikia muziki wenyewe, fikiria mashine ya kupasulia mbao. Iwashe. Iweke chini ya mabati siku ya mvua. Katikati ya kelele hiyo mweke mwanamume mmoja anayeungurumia ulimwengu mzima kwa koo lililochanika. Sasa, na hapa ndipo wengi hukimbia kabla hawajafika, sikiliza chini ya kelele. Kuna wimbo. Unapanda na kushuka taratibu kama watu wanaovuta kasia kwa pamoja.

Mghoi aliwahi kumuuliza, "Kwa nini Waviking, hao mabaharia wa Ulaya ya kale? Mtu wa Taita na Waviking wapi na wapi?"

Mwachofi akajibu, "Dada, wewe unafundisha mashairi ya watu waliokufa zamani. Uliwajua?"


7.

Alhamisi mchana. Barazani. Njambi ndiye mpiga gitaa la besi wa bendi ya Mwachofi. Ni msichana mrefu aliyenyoa nywele upande mmoja wa kichwa, na alikuja mapema kuliko wenzake ili asaidie. Anausikiliza wimbo huo wa bendi ya ng'ambo kwenye simu, anakitoa Kiingereza chake kwenye mngurumo, na Mghoi anakigeuza.

Ubeti wa kwanza ulimnyang'anya Mghoi huzuni yake kwa muda. Ulikuwa mzuri kweli.

   Kaskazini, jua linapoogopa kuchomoza,
   tulichonga meli kwa milango ya nyumba zetu.
   Hatuna pa kufunga nyuma yetu.
   Vuta kasia.

Kisha kiitikio.

"Sitapiga goti," Njambi akapendekeza.

"Sitapiga ni ahadi," Mghoi akasema. "Ahadi mtu huivunja. Andika *Sipigi*. Sipigi ni tabia."

   Sipigi goti.
   Kwa mfalme, kwa baridi, kwa kifo,
   sipigi goti.

Njambi aliitazama karatasi kwa muda. "Sista, kila akitoka kwenye mashine alikuwa anatutumia hilo neno. Hilo tu. *Goti.* Ndio tulikuwa tunajua amemaliza."

Mghoi hakulijua hilo. Yeye, tangu Mwachofi ahamie wodini, alikuwa akitumiwa, "Niko sawa."

Walibishana juu ya mahali wanapokwenda mashujaa wakifa. Njambi alisema ni ukumbi. Mghoi akasema ukumbi ni wa harusi. Wakaliandika jumba. Jumba la waliokufa wamesimama.

Ubeti wa pili ulikuwa wa moto. Nyumba ya maombi ufukweni, na kengele ikilia.

   Kengele yao iliita na kuita.
   Mungu wao hakuitika.

"Hapo Mchungaji atakunja uso," Mghoi akasema.

"Atakunja kila kitu," akajibu Njambi.

Halafu wakaufikia ubeti wa tatu.


8.


   Tuliwatoa mabinti milangoni mwao,





9.

Mghoi aliweka kalamu chini.

Mama yao huitwa Mama Mghoi na kila mtu, lakini jina alilopewa alipozaliwa ni Mkamburi. Amelirithi kwa bibi wa bibi yake. Mkamburi wa kwanza alikamatwa akiwa msichana, kwenye mteremko uleule ambao leo unapandwa kabichi. Waliomkamata walikuwa watu wa misafara waliopita wakielekea pwani na kamba zao. Alitoroka akarudi. Aliokamatwa nao hawakurudi. Kila mtoto wa nyumba hii anakijua kisa hicho kabla hajajua kusoma. Mwachofi alikijua.

"Malizia," Mghoi akasema.

"Sista, hapo turuke."

"Malizia, Njambi."

Njambi akavua kisikilizi. "Nani atajua? Hata Mwingereza mwenyewe hawezi kusikia yale maneno. Unasoma beti mbili za kwanza, unasoma wa mwisho, wanakubali, tunamzika mtu wetu kama alivyotaka. Kwani utakuwa umedanganya? Utakuwa umefupisha."

Ruka.

Ni neno jepesi. Mghoi alilisikia likimzunguka barazani mchana kutwa kama nzi.

   Tuliwatoa mabinti milangoni mwao,
   tukawafunga mkono kwa mkono.
   Walilia kwa lugha tusiyoijua.
   Upepo ukatusaidia kutosikia.


10. Aliyokuwa akiyatafuta Mghoi katika ubeti wa nne

toba
jina la hata binti mmoja
mwimbaji ambaye si mmoja wao
"tulikosea"
"nilikosea"
ole


11. Aliyoyapata

   Nikifa nizikeni nimesimama,
   nimwone anayekuja.
   Sipigi goti.


12.

Ijumaa asubuhi kamati ilikaa sebuleni kwa Mzee Mwakai. Mchungaji Righa alipewa kiti chenye mito. Si mtu mkali. Ndiye aliyembatiza Mwachofi, na alikuwa akimpelekea asali hospitalini, safari ndefu ile, bila kumtangazia mtu. Mama Mghoi alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Njambi alisimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyemwambia kaa.

Mghoi akasoma ubeti wa kwanza. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Meli ya milango, wakaipenda.

Akasoma kiitikio. Mzee Mwakai akasema, "Kutopiga goti kwa mfalme, sawa. Na kwa Mungu je?"

"Hawakumtaja hapo, baba mdogo."

"Watamtaja."

Wakamtaja. Mghoi aliposoma kengele iliyoita bila kuitikiwa, mzee alipiga meza hata vikombe vikaruka. Mchungaji akainua mkono.

"Endelea, Mwalimu."

Mghoi akageuza karatasi. Njambi, kule mlangoni, akatikisa kichwa kidogo sana.

Hapo ndipo angeweza kuruka. Ulimi wake ulikwisha kuliandaa neno la ubeti wa nne, *Nikifa*. Alimtazama mama yake pale mkekani, akaona kwamba akiruka sasa ataishi na mwanamke huyu miaka yote iliyobaki akiwa amemficha kitu kilichomhusu yeye kuliko watu wote waliomo ndani.

Akausoma.


13.

Mzee Mwakai akasogeza kikombe chake mbali na ukingo wa meza.


14.

"Rudia," Mama Mghoi akasema.

Akarudia.

"Huyo anayeimba. Akifika hapo, sauti yake inakuwaje? Anajisifu?"

"Ananguruma, Mama. Ananguruma mwanzo hadi mwisho."

"Niwekee nisikie."

"Shemeji," Mzee Mwakai akaanza, "hakuna haja ya—"

"Niwekee."

Njambi akaingia, akachuchumaa mkekani, akaweka simu kwenye kiganja cha mama huyo. Metali ikajaa sebule ya Mzee Mwakai, ikapita juu ya vitambaa vya kufumwa vilivyofunika viti na picha za harusi ukutani. Mama Mghoi aliinamisha sikio, amefumba macho, kama anavyosikiliza mtungi ajue kama una ufa.

"Ni hapa?"

"Bado. Sasa. Ni hapa."

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaibonyezabonyeza simu bila kujua pa kuizimia, Njambi akamzimia.

"Hajisifu," akasema. "Wala hatubu."

"Basi anafanya nini, Mama?" Mchungaji akamuuliza, na aliuliza kwa dhati.

"Anasema alichofanya. Na ule upepo. Mtu asiyesikia kitu, upepo utamsaidia nini? Walisikia."

"Huko ni kumtafutia mwovu njia ya kutokea," Mchungaji akasema.

"Simtafutii. Nakuambia nilichosikia. Hao watu walisikia, na wakaendelea kuvuta kasia. Kwangu hilo ni baya zaidi."

Mchungaji akamgeukia Njambi. "Binti, mlikuwa mkiupiga wimbo huu. Mwachofi aliyajua maneno haya?"

Hapa Mghoi aliomba, na si mtu wa kuomba mara kwa mara. Aliomba Njambi aseme hapana.

"Aliyajua," Njambi akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Ubeti huo yeye ndiye alikuwa anauimba. Kwa nguvu kuliko wote. Siwezi kuwadanganya."


15.

Kuna namna nyingi za kuueleza ukweli huo, na Mghoi alizipitia zote palepale. Kwamba aliuimba kwa nguvu ili uumize. Kwamba aliuimba kwa sababu gitaa lilikuwa tamu pale. Kwamba kijana anayeungurumia jukwaani hafikirii kamba. Kwamba alifikiria.

Hakuna atakayemjibu.

Akasimama. Karatasi aliiacha kitini.

"Mimi simtetei," akasema. "Ubeti ule ni mbaya. Nimeutafutia toba usiku na mchana, hauna. Laiti angechagua wimbo mwingine. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kwenye mashine ile kabla hajahamia kabisa wodini. Mnajua mtu anakaaje pale? Damu yote inatoka, inazunguka kwenye mashine, inarudi. Kila mtu anakwambia nyenyekea, mshukuru huyu, mwombe yule. Akaupata wimbo unaosema sipigi goti, akaushika. Aliushika pamoja na uchafu wake. Akasema tuupige wote. Nikimkatia kile nisichokipenda, Mchungaji, kesho nitamzika mtu mwingine. Nitamzika kijana wa kanisa asiyekuwepo."

"Mghoi!" akafoka baba yake mdogo.

"Na tena, kila Jumapili tunaimba damu, panga na adui aliyekanyagwa. Mbona hatujawahi kuitisha kamati?"


16.

Mchungaji Righa hakufoka. Alisema polepole, akiitazama mikono yake:

"Nilimbatiza. Nataka kumzika. Lakini siwezi kusimama kaburini nikisikiliza watu wakifurahia kanisa linavyoungua na watoto wa watu wakifungwa kamba, halafu nifungue kinywa nibariki. Ukipigwa wimbo ule, mimi sitatia udongo."

"Na wanaume wa ukoo huu hawatashika koleo," Mzee Mwakai akamalizia.

Mama Mghoi akainuka kwa shida, amejishika ukuta.

"Mmemaliza?"

Akajifunga kanga upya.

"Utapigwa. Wote. Ukifika pale pabaya mtaunyamazisha kidogo, nina neno na mwanangu. Halafu utaendelea. Mchungaji, asante kwa asali. Shemeji, asante kwa viti."


17.

TANGAZO LA PILI

Kamati ya Mazishi imejiuzulu kuanzia leo Ijumaa. Mahema na viti vitaendelea kutumika kwa kuwa vimekwisha kukodiwa. Kamati haitahusika na lolote litakalotokea kaburini.

Mzee Mwakai, aliyekuwa Mwenyekiti.


18. Yaliyosikika njiani, Jumamosi

— Utaenda?

— Naenda kutazama tu.

— Nami naenda kutazama tu.

— Ona, hata wa kwaya wanaenda kutazama tu, na sare zao!


19.

Vijana wa Nairobi walikuja na spika mbili kubwa kama makabati, na fulana zao walizivaa ndani nje. Mafuvu yalitazama ngozi zao wenyewe, na nje zikaonekana nyuzi tu. Mzee mmoja alisema wana adabu.

Jeneza lilibebwa na vijana hao kwa sababu wanaume wa ukoo walisimama kando ya migomba, mikono nyuma. Mchungaji Righa alikuja. Alivaa joho lake, akasimama langoni mwa boma. Hakuingia. Hakuondoka. Wasifu aliusoma Mghoi. Aliposema "alipenda metali", mtu fulani alikohoa, naye akarudia kwa sauti zaidi:

"Alipenda metali."

Kisha akamwashiria Njambi kwa kidole aanze.


20.

Mlima ukanguruma.

Kuku wakakimbia. Mtoto akaziba masikio, akazibua, akaziba. Mabati ya jikoni yakatetemeka yakatoa mlio wake. Ubeti wa kwanza, ambao watu walikuwa wamekwisha kusimuliana, ulipita, na wengine wakausindikiza kwa midomo: milango, meli, kasia. Kikaja kiitikio. Sasa, watu wa kwaya ni watu wa kwaya. Ukiwaletea kiitikio, wataitikia, hata wasipotaka. Mwanamke mmoja wa sauti ya tatu akaanza kwa chini, kwa Kiswahili cha Mghoi kilichokwisha kuzagaa kijijini:

Sipigi goti.

Wa pili akamfuata. Kisha mstari mzima wa sare.

Ubeti wa pili. Kengele. Langoni Mchungaji aliinamisha kichwa, na Mghoi akaona kwamba kweli alikuwa akiumia, na hakufurahi kuona hivyo, wala hakuuzima wimbo.

Ubeti wa tatu.

Mama Mghoi akainua mkono.


21.





22.

Akasogea ukingoni mwa kaburi mpaka Mghoi akamshika kanga kwa nyuma.

"Mwachofi. Mimi ni mama yako. Jina langu ni Mkamburi, na unajua nimelipata kwa nani. Nimeusikia wimbo wako. Hapa umenikosea. Umemkosea aliyenipa jina. Ulijua kisa chake ukaimba upande wa wenye kamba, na sikukuuliza ulipokuwa hai kwa sababu sikujua, na sasa huwezi kunijibu. Basi nakukatalia. Mbele ya watu wote hawa nakukatalia, hapa tu. Kwingine kote nipo na wewe."

Akapumua.

"Ningekuchapa," akasema, na sauti ikamvunjika, "kisha ningekupa chai."

Akashusha mkono. "Haya, vijana. Mmalizieni."


23.

Wakammalizia.


24.

Spika ziliponyamaza, masikio yaliendelea kuvuma. Huu ndio wakati ambapo Mchungaji huokota udongo. Huu ndio wakati ambapo wanaume husogea na makoleo, wakipokezana, mtu akichoka mwingine anamnyang'anya.

Hakuna aliyesogea.

Makoleo yalikuwa yamechomekwa kwenye lundo la udongo mwekundu. Mghoi alimtazama baba yake mdogo. Mzee aliangalia migomba.

Basi Mghoi akavua viatu vyake vya mjini, akaviweka kando, akaenda akang'oa koleo. Hajawahi kuona mwanamke akifanya hivyo huku. Hajui kama kuna katazo au ni kwamba tu haikuwahi kuhitajika. Koleo la kwanza lilitoa mlio mzito juu ya mbao za jeneza. La pili lilikuwa laini kidogo. Njambi akachukua koleo lingine. Halafu yule wa sauti ya tatu, na sare yake. Mama Mghoi, ambaye kiuno hakimruhusu, alikuwa akisukuma udongo kwa mguu.

"Binti za watu wanatuaibisha," mtu akasema kule kwenye migomba. Na mwingine, kwa hasira: "Nyamaza basi, au nenda."

Langoni, Mchungaji Righa alikuwa ameanza kufungua vifungo vya joho lake, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Mtu hufungua joho akitaka kwenda nyumbani. Mtu hufungua joho pia akitaka mikono yake iwe huru.

Mghoi hakusimama kutazama ni lipi. Udongo bado ulikuwa mwingi.